UZI: Kuingia maabara ya ubongo na usemi, kwa mwanafunzi na mtafiti anayeanza

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kwa muda sasa napokea ujumbe wa faragha wenye swali moja: "Sikusoma udaktari. Naweza kweli kupata nafasi kwenye maabara inayochunguza jinsi ubongo unavyozalisha na kuelewa usemi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona heri nifungue uzi, na atakayekuja mwakani naye aukute. Nimekaa kwenye maabara za aina hii miaka kadhaa. Nilianza kwa kuosha kofia za elektrodi (vihisio vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo), siku hizi nasaidia kusimamia wanafunzi.

Jibu ni ndiyo, na sisemi hivyo kwa kutiana moyo tu. Kazi ya maabara hizi haiwezi kubebwa na fani moja. Ila wengi wanabisha hodi kwenye mlango usio wao, ndiyo maana hawafunguliwi.

Kwanza mjue ndani kunafanyika nini. Tamka "pa", kisha "ba". Midomo inafunga pale pale na kuachia vile vile. Kinachozitenga hasa ni wakati nyuzi za sauti zinapoanza kutetema ukilinganisha na wakati midomo inapoachia, na pengo hilo hupimwa kwa makumi ya milisekunde. Anayesema halifikirii, anayesikia halifikirii, lakini ubongo wa wote wawili umeshalishughulikia na uko mbele kwenye silabi nyingine. Maabara inauliza: wapi, lini, na kwa njia gani?

Swali ni la zamani. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa, lakini kila akijibu kinachotoka ni "tan". Alipofariki, jeraha lilikutwa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa kinyume chake: maneno yanatiririka, lakini maana haishikiki na kuelewa kumeharibika. Wakati huo ilibidi mgonjwa afe ndipo ubongo utazamwe. Leo tunamtazama mtu akiwa hai, anaongea. Kuna EEG inayopima umeme juu ya kichwa, ambayo Hans Berger alichapisha matokeo yake ya kwanza kwa binadamu mwaka 1929. Kuna MEG inayopima usumaku, na MRI inayofuatilia mabadiliko ya damu. Na wapo wagonjwa wa kifafa waliowekewa elektrodi moja kwa moja juu ya gamba la ubongo kwa ajili ya matibabu yao, wakaridhia kushiriki utafiti wakiwa wodini. Kwa msaada wa wagonjwa kama hao, mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha katika jarida la Science kwamba kwenye ukanda wa ubongo ulio usawa wa sikio kuna vituo vinavyoitikia sauti kwa makundi yake ya utamkaji: vipasuo (kama "p" na "b") huku, vikwamizi (kama "s" na "f") kule, irabu kwingine. Yale makundi tuliyofundishwa kwenye darasa la fonetiki yamo kichwani kweli.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni hili. Mshiriki anakaa mbele ya maikrofoni, anatamka neno. Kompyuta inainasa irabu yake, inaisogeza kidogo, inamrudishia masikioni papo hapo. Yeye ametamka "e", anajisikia kama ametamka kitu kinachoelekea "i". Akirudia na kurudia, mdomo wake unaanza kuvuta upande wa pili, kuelekea "a", ili kufidia. Ukimuuliza, mara nyingi hana habari kwamba amebadilisha chochote. John Houde na Michael Jordan walichapisha jambo hili mwaka 1998, na hadi leo kuna maabara nzima zinazoishi kwa swali hilo moja: sikio linaufundisha vipi mdomo?

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kila nikipata nafasi.

NdotoZaKodi

Naweka kambi hapa mkuu. Mimi ni mtu wa kompyuta, mwaka wa tatu. Biolojia niliiacha sekondari. Nafasi yangu iko wapi?

Mleta uzi

Mkuu, wewe ndiye unayetafutwa kuliko unavyodhani. Tazama yaliyotokea karibuni. Mwaka 2021 timu ya San Francisco ilimwezesha mtu aliyepooza na asiyeweza kusema kutoa maneno kwa kuisoma ishara ya ubongo wake anapojaribu kutamka. Msamiati ulikuwa maneno 50. Mwaka 2023 timu mbili zilichapisha kwa pamoja kwenye Nature: ya Stanford ilifikia maneno 62 kwa dakika, ya San Francisco 78. Mwaka 2024 timu ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ikafikia usahihi wa zaidi ya asilimia 97 kwa mtu mwenye ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, msamiati ukiwa maneno 125,000. Nyuma ya kila namba hapo kuna madaktari wa upasuaji, ndiyo, lakini kuna watu wa kompyuta na wahandisi wa umeme waliokesha.

Sasa usiwaze kuanzia huko. Unaanzia kwenye kusafisha data. Ukifungua rekodi ya EEG mara ya kwanza utaona mistari 64 inatambaa kwenye kioo, na utadhani ubongo ndio unaoongea. Kila mshiriki akipepesa macho, mistari ya mbele inaruka juu kama imepigwa teke. Akiuma meno, pembeni kote kunajaa manyoya meusi. Hiyo ni misuli ya taya. Sisi tunaochunguza usemi tuna tatizo ambalo wenzetu wanaochunguza kuona hawana: mshiriki wetu lazima asogeze taya, na umeme wa taya ni mkubwa kuliko wa ubongo mara nyingi. Kuutenganisha ni kazi ya kihesabu hasa, na mtu anayeiweza anakaribishwa kokote.

Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, kisha MNE-Python, zana yake ya kuchambua data za EEG na MEG, ni ya bure. Wengine wanatumia EEGLAB au FieldTrip, ambazo zinakwenda na Matlab. Nenda OpenNeuro, kuna data za watafiti zilizowekwa wazi, pakua seti moja ya usemi, irudie hesabu waliyofanya wenyewe mpaka upate mchoro kama wao. Ukifika hapo hutahitaji kumwambia mtu kwamba una shauku. Utamtumia mchoro.

Isimu_Tu

Sisi wa isimu je? Kila tangazo naona wanataka programu na takwimu. Nimesoma fonolojia na mofolojia miaka minne.

Mleta uzi

Dada/kaka, hapa nitakaa kidogo maana hili linaniuma.

Jaribio baya la usemi huwa limeharibika kabla mashine haijawashwa. Limeharibikia kwenye orodha ya maneno. Mtu anataka kulinganisha ubongo unavyopokea nomino na vitenzi, anachukua nomino fupi za kila siku na vitenzi virefu vya nadra, halafu anashangilia tofauti. Tofauti gani? Urefu na uzoefu wa neno tu. Mwanaisimu ndiye anayekaa na kusema: hapana, tusawazishe silabi, tusawazishe mara neno linavyotumika, tuangalie na mkazo unaangukia wapi. Kisha mtu huyohuyo ndiye anayefungua Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, na kuweka alama mahali "s" inapoishia na irabu inapoanza, neno kwa neno. Ipo programu ya kupanga alama hizo yenyewe, lakini lazima awepo mwenye sikio wa kuzikagua.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu ubongo na usemi imetoka kwenye Kiingereza na lugha nyingine chache zenye maabara nyingi. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard waligundua kwamba ukisoma sentensi inayoishia na neno lisiloingia akilini, mfano "alifungua mlango kwa wingu", kama milisekunde 400 baada ya neno hilo ubongo unatoa wimbi hasi ("negative" kwa Kiingereza), ndiyo maana likaitwa N400. Kosa la kisarufi, mfano upatanisho uliovunjika, mara nyingi huleta wimbi jingine, chanya, karibu na milisekunde 600. Sasa fikiria "viti vikubwa vile vimevunjika". Ngeli imejirudia kwenye kila neno. Ubongo wa msemaji unaanza kutabiri lini? Kwenye "vi" ya kwanza? Ukivunja upatanisho kwenye neno la pili na ukiuvunja kwenye la nne, wimbi ni lile lile? Haya ni maswali ambayo mtu wa Kiingereza hawezi kuyauliza kwa lugha yake, kwa sababu lugha yake haina kitu hicho. Lugha zenye toni, zenye ngeli, zenye vitenzi vinavyobeba sentensi nzima ndani ya neno moja, zina hazina ya maswali kama haya. Anayeijua lugha hiyo kwa ndani na amejifunza kutengeneza jaribio haendi kuomba nafasi kwa unyonge. Anakwenda na swali ambalo maabara haina.

Ila kweli, jifunze R kidogo, ile programu ya takwimu. Siyo ya kukuogopesha.

Sista wa Wodi

Asante kwa uzi. Nafanya kazi na wagonjwa wa kiharusi. Wengine wanarudi nyumbani hawawezi kusema hata majina ya watoto wao. Je, kuna nafasi kwa sisi tusio watafiti?

Mleta uzi

Sista, heshima yako. Kwenye maabara inayofanya kazi na wagonjwa, mtu kama wewe ndiye anayefanya utafiti uwezekane.

Takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupata afasia, yaani lugha inavurugika. Mtu huyo unapompelekea fomu ya ridhaa yenye kurasa nne za maandishi madogo, unamtendea nini? Akili yake ipo, uamuzi wake upo, lakini maandishi hayamwingii. Fomu inabidi iwe na picha, sentensi fupi, maswali ya ndiyo na hapana, muda wa kupumzika, na ndugu pembeni asiyejibu kwa niaba yake. Nimemwona muuguzi mmoja akimwuliza mzee swali lile lile kwa njia tatu ili ahakikishe "ndiyo" yake ni ndiyo. Mara ya tatu mzee akatikisa kichwa: hapana. Tulimshukuru, tukafunga vifaa. Wanafunzi wawili waliokuwepo siku ile walijifunza zaidi ya walichosoma muhula mzima.

Nafasi zinazokufaa huitwa mratibu wa utafiti au msaidizi wa utafiti wa kitabibu. Zina mshahara. Watu wa tiba ya matamshi nao wanatafutwa sana, hasa kwenye utafiti wa kigugumizi, afasia na Parkinson.

NdotoZaKodi

Swali la pembeni. Nimesikia EEG haishiki vizuri kwa wenye nywele nzito za kipilipili na kwamba washiriki hao huachwa. Ni kweli?

Mleta uzi

Ni kweli, na siyo swali la pembeni hata kidogo.

Elektrodi lazima ifike kwenye ngozi ya kichwa. Kofia za kawaida zilibuniwa kwa nywele laini zinazosogezwa kwa ncha ya bomba la jeli. Kwa nywele nzito za kujisokota kofia inainuka, jeli inaishia juu ya nywele, usomaji unakuwa mbovu, na data ya mtu huyo inatupwa kwa jina la "ubora". Matokeo yake ni kwamba watu wengi wamekosekana kwenye sayansi inayojiita ya binadamu wote. Mwaka 2020 watafiti wa Carnegie Mellon walionyesha njia nzuri: nywele zinasukwa mistari ya kulala chini, njia za ngozi zikipita pale pale elektrodi zinapotakiwa kukaa, halafu vibanio vyenye elektrodi vinashikwa na mistari yenyewe. Kilichokuwa kikwazo kinageuka kishikizo.

Ukiwa msaidizi, mambo mawili. Mjulishe mshiriki mapema kwamba kutakuwa na jeli na atahitaji kuosha nywele, asije ametoka kusuka jana. Na uwe na muda wa kutosha. Kumharakisha mtu kichwa chake kikiwa mikononi mwako ni kumkosea adabu.

Mgeni Mtiifu

Wakuu, mimi nauliza la mkate. Ngazi zikoje na nani analipwa?

Mleta uzi

Nitapita haraka maana kila nchi ina taratibu zake, soma tangazo lenyewe.

Shahada ya kwanza: mara nyingi unaingia kwa kozi inayohesabiwa kwenye shahada yako, mradi wa mwisho, au mafunzo ya likizo. Baada ya hapo kuna msaidizi wa utafiti, mwaka mmoja hadi miwili, kwa mshahara. Naisifu sana nafasi hii, inakufanya ujue kama kazi unaipenda kabla hujajifunga kwa uzamivu. Uzamivu Marekani huchukua kama miaka 5 au 6, kwa kawaida una ada iliyolipwa na posho, na programu nyingi zinakuzungusha maabara kadhaa mwaka wa kwanza kabla hujachagua. Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mkataba. Uingereza ni miaka 3 au 4, na mara nyingi ufadhili unautafuta mwenyewe pamoja na msimamizi. Baada ya uzamivu kuna mikataba ya mtafiti ya miaka michache michache, na wako watu wanaobaki maabara kama wahandisi au mameneja, bila kuwa maprofesa, na ni kazi kamili.

Mahali pa kuchungulia: Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi, wenye taasisi nzima ya saikolojia ya lugha na shule ya uzamivu, jirani yao Donders, taasisi ya utafiti wa ubongo, kituo cha BCBL San Sebastián, Uhispania, chenye uzamili wa sayansi ya ubongo na lugha, na Haskins Laboratories ya New Haven, Marekani, maabara ya usemi na lugha iliyoanzishwa 1935. Kwa asiye na nauli, Neuromatch Academy inafundisha mtandaoni tangu 2020, na ada yake inategemea nchi unayoishi. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, lina ruzuku na mafunzo yanayowalenga vijana wa nchi zisizo na maabara nyingi.

Kuhusu kujitolea bila malipo: saa chache kwa wiki, kwa muda unaojulikana, ukifundishwa, sawa. Mimi niliwahi kufanya kazi miezi tisa mahali fulani, naweka alama kwenye rekodi kila jioni, na makala ilipotoka jina langu halikuwepo hata kwenye shukrani. Sikuwa nimeuliza mwanzoni. Ulizeni mwanzoni, kwa adabu, kwa maandishi: nitafundishwa nini, nitakaa muda gani, nikifanya hiki na hiki nitatambuliwa vipi? Msimamizi mzuri hachukii maswali haya.

Isimu_Tu

Na barua pepe ya kwanza mkuu? Nimetuma 30, kimya.

Mleta uzi

Naomba nikisie: inaanza na "Profesa mheshimiwa", inasema wewe ni mchapakazi mwenye shauku, ina viambatisho vitano, na ni ile ile kwa wote 30. Wanaoipokea wanaitambua kwenye mstari wa kwanza.

Andika aya tatu. Ya kwanza, kitu kimoja mahususi ulichosoma kwenye makala yao na swali lililokujia. Siyo sifa. Swali. Mfano: "Mlitumia maneno yenye silabi moja. Kwenye lugha yangu maneno hayo ni machache mno, je, mngetegemea matokeo yale yale kwa silabi tatu?" Ya pili, kitu kimoja unachokiweza, na kiungo cha kukiona. Ya tatu, unachoomba hasa: mazungumzo ya dakika 15, au kujua kama watapokea mtu mwaka ujao. Kisha mwandikie pia mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti wa pale. Wao ndio wanaojua kama kuna nafasi na kama maabara ni mahali pa kuishi. Wiki mbili zikipita bila jibu, kumbusha mara moja. Ukikosa jibu, songa mbele.

Na ukiitwa kwenye usaili, usifiche ulipokosea. Kuna siku nilirekodi mshiriki kwa saa moja na zaidi bila kugundua kwamba kebo ya kupeleka alama za matukio ilikuwa imelegea. Mawimbi yote yapo, lakini hakuna anayejua neno gani lilisikika wakati gani. Saa nzima ya mtu aliyejitoa. Nilimwambia msimamizi kabla mshiriki hajamaliza kuosha jeli kichwani, tukamweleza mshiriki ukweli, tukamlipa kama kawaida. Kuanzia siku ile kwenye daftari la maabara kuna mstari wa kukagua alama katika dakika mbili za kwanza. Nimesimulia hili kwenye usaili mara mbili, na mara zote mbili nilipata kazi.

NdotoZaKodi

Tupe kitu cha kufanya leo leo mkuu, kabla moto haujapoa.

Mleta uzi

Pakua Praat. Jirekodi kwenye chumba kimya, maikrofoni ya simu inatosha, ukitamka "pa" na "ba" mara tano tano. Fungua sauti, vuta karibu uone wimbi na spektrogramu (picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda). Tafuta mstari mwembamba wa wima pale midomo inapoachia. Kisha tafuta mawimbi yanayojirudia kwa mpangilio yanapoanza, hapo nyuzi za sauti zimeamka. Pima kutoka cha kwanza hadi cha pili. Lete namba hapa.

Isimu_Tu

Nimefanya. "Pa" wastani ni milisekunde 18. Lakini "ba" inanichanganya: mtetemo unaanza kabla midomo haijaachia, kama milisekunde 70 kabla. Nimekosea wapi?

Mleta uzi

Hujakosea. Andika kwa alama ya kutoa: hasi 70. Lugha nyingi zinaanza kutetemesha nyuzi za sauti midomo ikiwa bado imefungwa, wakati "b" ya Kiingereza mwanzoni mwa neno mara nyingi huanza kutetema midomo inapoachia au baada yake kidogo. Umepima kitu halisi cha lugha yako kwa mkono wako.

Sasa rudia mara 20 kila moja, kwa kasi ya kawaida halafu kwa haraka, tuone kama ile hasi 70 inapungua ukiharakisha. Weka jedwali hapa, NdotoZaKodi atatuchorea.

NdotoZaKodi

Nimekubali. Leta jedwali.